Habari za Kioo cha Rangi cha Miono na Sanduku Lake la Nuru

Katika kijitabu hiki cha Yubilei msomaji atakuta habari nyingi za mapadre waliovuka bahari, za makanisa yaliyosimamishwa, na hesabu za waliobatizwa mwaka kwa mwaka. Mimi nimepewa neno dogo zaidi: kueleza habari za kioo kimoja cha rangi kilichopo hapa Miono, na sanduku tulilolitengeneza kwa fedha chache ili watu wapate kukiona. Wako walioniuliza kama jambo la namna hii lastahili kurasa za ukumbusho. Naliwajibu ya kwamba wasome kwanza, kisha waseme.

Kioo chenyewe si kikubwa. Urefu wake ni sentimeta 60, na upana wake 40. Hapo zamani kilikuwa sehemu ya dirisha lililokuwa juu ya altare ya kigango kimoja cha upande huu, kanisa dogo la mawe na chokaa. Kuta zilipofanya nyufa, kanisa lile likabomolewa, likajengwa jipya kwa matofali ya saruji yenye matundu. Matofali hayo hupitisha upepo vizuri katika joto la pwani, wala silaumu; ila mahali pa dirisha la kioo hapakubaki. Siku ya kubomoa, fundi aliipiga fremu kwa nyundo. Nusu ya juu ikavunjika vipande vipande, na watoto wakaviokota wakaenda navyo kuchezea. Iliyosalimika ni nusu ya chini: kanzu ya rangi ya samawati, mkono mmoja ulioshika ua la yungiyungi, na ukingo wa majani mabichi. Uso haupo. Kwa ua lile, na kwa randa ya seremala iliyochorwa miguuni, twatambua ya kuwa ni Mtakatifu Yosefu.

Basi kilichosalia kilitiwa katika gunia la korosho, kikawekwa chini ya benchi la sakristia, kikakaa humo miaka mingi. Nalipokifungua mara ya kwanza nalikilaza juu ya sakafu, nami nikahuzunika, kwa maana nilichokiona kilikuwa kama kipande cha ubao wa shule: cheusi, chenye vumbi, na mistari yake ya risasi imeota ukungu mweupe. Katekista aliyekuwa pamoja nami akanitazama, akasema, "Ndugu yangu, hiki ndicho tulichokuwa tukikilinda na mchwa?" Sikuwa na jibu. Tukakiinua, yeye huku na mimi huku, tukakielekeza mlangoni palipokuwa na jua la saa tisa. Hapo samawati ikatoka, ikaanguka juu ya shati lake jeupe, naye akanyamaza.

Sababu yake ni hii. Picha iliyochorwa ukutani huonekana kwa nuru iipigayo mbele na kurudi machoni petu. Kioo cha rangi sivyo kilivyo. Rangi yake imo ndani ya kioo chenyewe, wala haionekani vema mpaka nuru ipite katikati yake ikitoka upande wa pili. Mafundi wa kale wa Ulaya waliyeyusha mchanga pamoja na majivu ya miti, wakatia madini: kobalti kwa samawati, shaba kwa kijani na nyekundu, manganizi kwa zambarau. Nyekundu iliwasumbua sana, kwa kuwa kioo chekundu chenye unene wa kawaida huonekana cheusi. Ndipo walipobuni kukivika kioo kisicho na rangi ngozi nyembamba ya nyekundu upande mmoja. Mtawa mmoja aliyejiita Theophilus aliandika kazi yote hii kwa Kilatini katika karne ya 12: jinsi ya kuchora picha juu ya ubao uliopakwa chaki, jinsi ya kupasua kioo kwa chuma cha moto, jinsi ya kuandika nyuso na mikunjo ya nguo kwa rangi nyeusi na kuichoma tanuruni, kisha kuviunganisha vipande kwa risasi. Katika kanisa kuu la Augsburg, Ujerumani, wako manabii wa kioo waliofanywa yapata miaka 900 iliyopita, na bado jua hupita katika mavazi yao.

Kioo cha namna hii kimezoea kufichwa. Vita ilipokaribia mwaka 1939, Wafaransa waliyaondoa madirisha ya kanisa kuu la Chartres, wakayafunga katika masanduku, wakayaweka mbali na mabomu. Nalilikumbuka jambo hilo nilipokuwa nikikung'uta vumbi la gunia letu la korosho, ingawa huku kwetu hakuna aliyepiga bomu.

Watu wa pwani hawakuwa wageni wa kioo. Ushanga uliletwa na majahazi karne nyingi kabla ya misheni, na misafara iliyoondoka Bagamoyo iliuchukua bara kuwa kama fedha. Mjini Unguja, tajiri Tharia Topan aliweka msingi wa zahanati yake mwaka 1887, kwa ukumbusho wa yubilei ya Malkia Victoria wa Uingereza. Jengo lilikwisha mwaka 1894, yeye mwenyewe amekwisha kufa, na mpaka leo wapitao bandarini huliona lilivyopambwa kwa nakshi za mbao na vioo vya rangi. Karibu wakati ule ule, kati ya 1893 na 1898, wamisionari Wafaransa walijenga mjini humo kanisa la Mtakatifu Yosefu lenye minara miwili, nalo likapata madirisha ya vioo vya rangi kutoka Ufaransa. Basi kioo cha rangi kilifika bandarini. Kuingia bara lilikuwa neno jingine.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, Padre Antoine Horner akiwa mkuu wao. Mwaka 1872 ikaja tufani kubwa ya mwezi wa Aprili, ikaangusha karibu yote waliyokuwa wamejenga, nao wakaanza tena. Toka hapo walikwea kufuata bonde la Wami: Mhonda mwaka 1877, kisha Mandera, jirani yetu, mwaka 1881. Padre Cado Picarda aliyekaa Mandera aliandika habari za nchi hii, yaani Uzigua, Ukwere na Udoe, zikapigwa chapa Ulaya mwaka 1886. Kila kitu kilichofika huko siku zile kilifika juu ya kichwa au bega la mtu, na mzigo wa mpagazi haukuzidi sana frasila mbili. Dirisha la kioo na risasi ni zito kuliko lionekanavyo, tena mpagazi akijikwaa mara moja limekwisha. Si ajabu basi kama picha nyingi walizoziona babu zetu zilikuwa za karatasi.

Lakini iko njia nyingine ambayo kwayo picha ya kioo iliingia Afrika, na hiyo ndiyo babu wa sanduku letu. Kila mwenye kuzuru Bagamoyo huonyeshwa mnara wa kanisa la kwanza, mahali ulipolazwa mwili wa Daktari Livingstone tarehe 24 Februari 1874, baada ya Chuma na Susi na wenzao kuuchukua kutoka Chitambo kwa miguu. Wachache hukumbuka ya kuwa mtu huyo, alipokuwa hai, alisafiri na taa ya picha. Ni sanduku lenye taa ndani. Mbele ya taa huwekwa kipande cha kioo kilichochorwa, na mbele ya kioo lenzi, nayo picha hutupwa kubwa juu ya nguo nyeupe. Mholanzi Christiaan Huygens ndiye aliyeitengeneza mwaka 1659. Mwezi wa Januari 1854, katika mji wa chifu Shinte, kwenye maji ya juu ya Zambezi, Livingstone aliwaonyesha watu Ibrahimu ameinua kisu juu ya Isaka. Wanaume walitazama wakastaajabu. Alipokivuta kioo ili atie kingine, wanawake waliona kisu kinawajia wao. Wakapiga kelele kumwita mama, wakakimbia wakiangukiana, wala hawakukubali kurudi. Livingstone mwenyewe aliandika habari hiyo katika kitabu chake cha 1857. Naipenda habari hii kwa sababu moja ya kazi: yaonyesha ya kuwa mtu aliye mbali na kila dirisha aweza kulichukua jua lake ndani ya sanduku.

Sisi tuliifuata njia hiyo, tena tulianza vibaya. Tulichukua sanduku la sabuni, tukakata upande mmoja, tukasimamisha kioo, na nyuma yake tukaweka taa ya chemni. Watoto walifurahi. Walakini mambo mawili yalitukuta. La kwanza, samawati ilikufa. Moto wa mafuta ya taa una nyekundu na manjano kwa wingi, na samawati kidogo mno. Kwa hiyo kanzu ya Mtakatifu Yosefu ikawa kijivu kama maji ya kuoshea vyombo, na ua jeupe likawa kama lililochomwa katika samli. La pili lilikuwa baya. Yapata saa moja baadaye tukasikia mlio mdogo, tik, nalo jani moja la ukingo likapasuka kutoka upande hata upande. Kioo cha kale hakipendi kupata joto mahali pamoja na baridi mahali pengine. Jani hilo limepasuka mpaka leo, nami ndimi niliyewasha taa.

Sanduku la pili tulilifanya kwa akili zaidi. Naeleza kwa urefu kidogo, kwa kuwa najua viko vigango vingine vyenye vipande vya kale ndani ya magunia, na mtu aweza kutaka kulifuata.

Mbao zilikuwa za mwembe ulioanguka kwa upepo; fundi alizipasua kwa malipo ya vipande vilivyobaki. Sanduku lina kina cha sentimeta 12. Kina hicho si cha kubahatisha. Taa zikikaribia mno nyuma ya kioo, kila moja huonekana kama jicho la paka; zikirudi nyuma, nuru yake huchanganyika. Kanuni tuliyoiona kuwa njema ni kwamba umbali kutoka taa mpaka karatasi au plastiki ya kutawanyia nuru usipungue umbali ulio kati ya mstari mmoja wa taa na mwingine. Ndani tulipaka chokaa iliyochanganywa na gundi, mara tatu, mpaka mbao zikawa nyeupe kabisa, kwani rangi nyeupe huirudisha nuru ambayo mbao tupu zingeimeza. Taa ni zile ndogo za LED ziuzwazo katika mkanda, za volti 12, ambazo hukatwa kwa mkasi mahali palipotiwa alama. Tulichagua nyeupe ya mchana, tukaziacha zile za manjano, tukazibandika mistari mitano, kila mmoja sentimeta 8 toka mwenziwe. Umeme wake ni wa betri kuukuu la pikipiki, lijazwalo kwa bamba la jua lililo juu ya paa. Gharama yote, bila betri tuliyopewa, haikufika bei ya mbuzi.

Kazi iliyotuchelewesha ni kutawanya nuru. Kwanza tulitanda bafta nyeupe nyuma ya kioo, nyuzi zake zikaonekana kana kwamba Mtakatifu Yosefu amenaswa katika wavu. Kisha tukatia karatasi mbili za wachora ramani, nazo zilikuwa nzuri sana, zilitupendeza, mpaka masika yalipokuja zikakunjamana kwa unyevu. Mwisho mchora mabango mmoja alitupa kipande cha plastiki nyeupe iliyo kama maziwa, iliyobaki katika kazi yake, na hiyo ndiyo iliyomo mpaka sasa. Imeachana na kioo kwa sentimeta 2 ili isikikwaruze.

Tena pembeni. Mtu asiyejua hudhani kazi imekwisha nuru ikiwa nyuma. Lakini nuru kidogo ikipenya kando ya kioo, jicho hulifuata jeupe lile na rangi zote hufifia. Tulizungusha kaniki nyeusi kuzunguka ukingo wote, ndani ya fremu, hata pasiwe na upenyo wa sindano. Siku tuliyoitia kaniki ndipo katekista aliposema, "Sasa amerudi."

Kioo hakikupigiliwa misumari. Kimekaa kwa uzito wake juu ya kizingiti chenye kitambaa cha sufu, na vishikizo vinne vya mti hukizuia kisianguke mbele. Nyuma ya sanduku upo mlango wa bawaba, ili taa ziweze kubadilishwa pasipo kukigusa. Chini na juu tumetoboa matundu ya hewa, tukayaziba kwa wavu wa mbu, kwa maana taa hizi nazo hupata joto kidogo, na wadudu hupenda nuru kupita watu. Katika kusafisha, tulitumia brashi laini na kavu upande wenye mistari iliyochorwa. Maji kidogo kwa pamba yalipita upande wa pili tu, ulio laini. Aliyeshika risasi alinawa kwa sabuni kabla ya kula, na watoto hawakuruhusiwa kuigusa, kwa kuwa risasi ni sumu hata ikiwa ya kanisani.

Tulipokwisha tukajisifu, nami nikamwendea bibi mmoja wa kijiji hiki, mzee sana, ambaye alibatizwa katika kigango kile na kusali mbele ya dirisha lile tangu utoto. Macho yake yamefunga ukungu, lakini bado huona rangi. Nalimwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu. Nasikia mmemtia Mtakatifu Yosefu sandukuni." Tukamketisha karibu, tukawasha. Alitazama muda mrefu.

"Ndiye?" nalimwuliza.

"Mkono ni wake," akasema. "Lakini haukuwa hivyo."

"Ulikuwaje, bibi?"

"Padre akianza Misa ulikuwa mweusi. Tukisimama kwa Injili, kidole kimoja kinashika moto. Padre akiinua Hostia, ua lote jeupe, na ile samawati iko begani kwa mama yangu. Nalikuwa naitazama hapo, begani kwa mama, siitazami juu. Hii yenu ni saa sita ya mchana siku zote."

Hapo naliona tulichokosa. Dirisha lile lilielekea mashariki, na Misa ilikuwa ya alfajiri. Jua lilikuwa likipanda kadiri padre alivyosoma. Kioo tulikuwa nacho, rangi tulikuwa nazo, bali saa ilikuwa imepotea pamoja na ule ukuta. Hakuna taa iwezayo kuirudisha, na yeye aliyeiona amebaki karibu peke yake, na macho yake yanazimika. Tangu siku ile sikulihesabu tena sanduku kuwa ndiyo kazi. Kazi ilikuwa kuwauliza wazee kabla hawajaondoka.

Tulifanya tuliloweza. Fundi wa redio alitutilia kitufe cha kuzungusha kinachoongeza nuru kidogo kidogo, na upande wa kushoto tukaongeza mstari mmoja wa taa za manjano, ambao huwaka kwanza. Ukizungusha polepole, kidole kile hutangulia kweli. Bibi alisema ni afadhali. Hakusema zaidi.

Kisha nalizunguka na daftari. Watu tisa nilipata waliokumbuka dirisha zima. Wote walikubaliana ya kuwa juu palikuwa na uso, na nyuma ya uso duara la manjano. Katika mengine hawakupatana. Wanne walisema ndevu zilikuwa nyeusi, wawili walisema za kahawia, na mzee mmoja alishikilia kwa kiapo kwamba hakuwa na ndevu hata kidogo. Juu ya macho, mama mmoja alisema yalitazama ua; kaka yake, aliyeketi papo hapo, akasema, "La, dada, yalikuwa yanatutazama sisi wa upande wa wanaume, ndiyo maana hatukusinzia." Yote nimeyaandika kama yalivyosemwa, bila kuchagua. Maneno ya bibi yamebandikwa ndani ya mlango wa nyuma wa sanduku pamoja na tarehe, mahali ambapo kila abadilishaye taa atayasoma. Mchoraji mmoja alijitolea kutuchorea uso mpya juu ya plastiki ili picha itimie. Tulimshukuru, tukamwomba angoje.

Sanduku laweza kuonwa hapa Miono na mtu yeyote akiuliza kwa katekista. Huwashwa siku ya Mtakatifu Yosefu, tarehe 19 Machi, na tarehe 1 Mei, na asubuhi yoyote mzee wa kigango kile akija kulitazama.

Nina ombi moja kwa wasomaji wa upande huu, hasa waliokuwa watoto siku ile kanisa la kale lilipobomolewa. Vipande vya nusu ya juu vilichukuliwa kuchezea, na kioo hakiozi. Huenda kimoja kiko katika kopo la vifungo, au katika kifuko cha marehemu mama, au kimechomekwa ukutani kwa urembo. Tunatafuta hasa cha manjano na cha rangi ya ngozi, hata kiwe kidogo kama ukucha. Akiletee katekista, au amtume mtoto nacho. Hakuna atakayeulizwa alikipataje.